Nyumba Hizi ni za Nani?



Desturi ya kijitabu hiki cha mwaka ni kuwaletea hesabu ya fedha, habari za misiba tuliyosaidiana, na majina ya watoto waliolipiwa karo. Hayo yote yamo katika kurasa zake. Lakini kabla hamjayafikia, twaomba ruhusa kuwasimulia habari moja ndefu, kwa sababu iliulizwa katika mkutano wetu na haikupata jibu.

Vijana wetu walio kazini walinung'unika kwamba mshahara wao hukatwa kila mwezi kwa ajili ya nyumba ambazo wao hawajaziona. Wazee wetu wanaokaa katika mitaa ya zamani ya upande wa mashariki ya Nairobi wakajibu kwamba wao wanaziona sana, kwani zinachorwa katika ramani juu ya vyumba vile vile walivyolelea watoto wao. Ndipo mzee mmoja aliposimama na fimbo yake akauliza neno fupi: "Nyumba hizi ni za nani?" Kisha akaketi.

Tumelifikiri neno hilo, na twaona kwamba lina umri mkubwa kuliko chama chetu. Kila Serikali iliyotawala nchi hii imelijibu kwa namna yake. Tena, tukizitazama habari za miaka zaidi ya mia, twaona kwamba jibu hilo ndilo lililoamua kama nyumba zilizojengwa zitadumu kuwafaa watu, au zitachakaa, au zitaponyoka mikononi mwa wale waliokusudiwa. Idadi ya matofali haikuamua neno hili peke yake.

MGENI KATIKA MJI

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Wafanya kazi wa reli walilazwa katika majumba marefu ya vyumba, yale ambayo wazee wetu waliyaita landhi za Muthurwa. Watu wengine, waliokuja kwa biashara au kwa kazi za mikono, walijijengea vijiji vyao wenyewe: Pangani, Maskini, Kaburini, Kileleshwa, na kile kilichoitwa Mombasa. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi, na jina la kambi hiyo limebaki hata leo katika mtaa wa Kariokor.

Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni. Amekuja kufanya kazi, na kazi ikiisha sharti arudi kwao. Sheria ya kipande iliyotungwa mwaka wa 1915, na kuanza kutumika baada ya vita, ilionyesha fikira hiyo waziwazi. Na mgeni hajengewi nyumba; hupewa mahali pa kulala tu. Hivyo chumba kimoja kiligawanywa kwa wanaume kadhaa, kila mmoja akipata nafasi ya kitanda chake, na mshahara ukapimwa kwa tumbo la mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wetu walipewa jembe siku ya kwanza, wala siku ya tatu hawakutolewa katika ugeni.

Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo palitokea jambo la kukumbukwa. Kiasi cha mwaka wa 1922 Manispaa ilipima viwanja huko Pumwani, ikawaruhusu watu wajijengee kwa fedha zao nyumba za miti na udongo, nao wakalipa kodi ya kiwanja. Ardhi ilibaki kuwa ya Manispaa, lakini nyumba zilikuwa za wenyewe. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, waliokodisha vyumba kwa wageni wapya na kuishi kwa kodi hiyo. Watu wa Mombasa wataitambua hali hiyo, kwani katika Majengo ya kwao pia mtu aliweza kuwa na nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine.

Vile vijiji vya zamani vilibomolewa kimoja kimoja. Pangani kilikuwa cha mwisho, nacho kilitoweka ilipofika mwaka wa 1939, na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo katika nyumba zilizojengwa na Manispaa. Nyumba aliyojijengea mtu kwa jasho lake ilibadilishwa kwa nyumba isiyokuwa na jasho lake ndani.

Vyama vya kusaidiana kama chetu vilitoka katika hali hiyo. Mgeni hakuwa na wa kumlaza alipofika, wala wa kumwuguza, wala wa kumzika. Neno ambalo Serikali haikutaka kulifanya, watu walilifanya kwa michango ya senti.

MTU NA JAMAA YAKE

Fikira ya ugeni ilianza kuvunjika bandarini. Mwaka wa 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na tume iliyochunguza mgomo ule ilikuta kwamba shida ya nyumba na ukali wa kodi vilikuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyowachoma. Mwaka wa 1947 mji huo ukagoma tena, safari hii karibu wote. Mambo haya yaliwafundisha wakubwa kwamba mtu asiyelala vizuri hafanyi kazi vizuri, tena hanyamazi.

Katika miaka ya 1940 ilijengwa mitaa kama Ziwani na Kaloleni. Kaloleni ulipangwa kwa watu wenye jamaa: nyumba za mawe, uwanja katikati, na ukumbi ambao ulikuja kuwa mahali pa mikutano mikubwa ya siasa. Hapo kwa mara ya kwanza ramani ya Manispaa ilionyesha kwamba mke na mtoto wa Mwafrika wanaweza kuwamo mjini.

Mwaka wa 1953 sheria iliunda Bodi Kuu ya Nyumba, ili ikopeshe mabaraza ya miji fedha za kujenga. Mwaka wa 1954 kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana Carpenter, ilishauri kwamba mshahara usipimwe tena kwa mtu mseja bali kwa mtu na jamaa yake. Mwaka wa 1955 Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki ikasema vivyo hivyo, kwamba wako Waafrika ambao mji ni kwao, nao wapewe nafasi ya kukaa kwa kudumu. Miaka hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mitaa miwili iliyojengwa wakati huo ilipewa majina ya wajumbe wa Baraza la Mji waliouawa: Tom Mbotela mwaka wa 1952, na Ambrose Ofafa mwaka wa 1953.

Basi jibu lilikuwa limebadilika nusu. Mwafrika sasa alihesabiwa kuwa mkazi, lakini alibaki kuwa mpangaji. Nyumba ilikuwa ya Baraza. Yeye alikuwa na kitabu cha kodi.

SHAURI LA MIAKA YA 1960

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, watu walihamia mijini bila kuulizwa kipande. Hesabu ya mwaka wa 1969 ilikuta Nairobi ina watu 509,000. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilikuta milioni 4.4.

Serikali mpya haikukaa kimya. Mwaka wa 1965 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Lawrence Bloomberg na Charles Abrams, waliandika ripoti juu ya nyumba katika Kenya. Mwaka huo huo Serikali ilishirikiana na shirika la maendeleo la Uingereza kuanzisha kampuni ya kukopesha wanunuzi wa nyumba. Ndipo ilipotolewa hati ya siasa ya nyumba ya mwaka wa 1966/67, iliyotaka kila jamaa katika Kenya ifikie kuwa na makao mema, yenye afya, faragha na usalama, yawe yamejengwa na mtu binafsi au kwa msaada wa Serikali. Hati hiyo ilihesabu kwamba mijini zilihitajika nyumba mpya 7,600 kila mwaka, na mashambani 38,000. Mwaka wa 1967 Bodi Kuu ilibadilishwa ikawa Shirika la Taifa la Nyumba.

Twaomba wanachama waitazame vizuri hesabu ya mpango ule, kwa maana ulikuwa mpango mwema. Serikali ilikopesha Shirika, Shirika likakopesha mabaraza ya miji, mabaraza yakajenga, mkazi akalipa, na malipo yake yakarudi kwa Shirika ili yajenge nyumba ya mtu mwingine. Ni kama mchango wetu wa mzunguko: anayepokea leo ndiye atakayemjaza mwenzake kesho. Na haba na haba hujaza kibaba, maadamu kibaba hakikutoboka.

Lakini kilitoboka mahali patatu. Kwanza, mabaraza mengi yalikusanya kodi na kuchelewa kulipa madeni, na mzunguko ukapunguka nguvu. Pili, kodi za mitaa ya zamani ziliachwa chini kwa miaka mingi, hata zikawa hazitoshi kutengeneza bomba wala kupaka chokaa. Mkazi alifurahia kodi ndogo, na paa likavuja juu yake. Tatu, kanuni za ujenzi zilizofuata mfano wa Uingereza zilitaka vifaa na vipimo vya gharama kubwa. Katika miaka ya 1970 nyumba ya fedha za umma haikutakiwa kuwa pungufu ya vyumba viwili pamoja na jiko na choo. Shabaha ilikuwa njema, kwani nani apendaye mwenzake akae vibaya? Lakini bei ilimshinda mfanya kazi wa mshahara mdogo, na nyumba iliyokusudiwa yeye ikachukuliwa na mwenye mshahara uliozidi wake. Kanuni hizo zililegezwa rasmi mwaka wa 1995 tu, ili vifaa vya bei nafuu viruhusiwe.

Basi yule ambaye hakuhesabiwa katika vipimo alikwenda Mathare, Kibera na Mukuru, akajenga banda. Na kwa muda mrefu jibu alilopewa huko lilikuwa la kubomolewa, kama walivyobomolewa watu wa Muoroto mwaka wa 1990.

FUNZO LA DANDORA

Mwaka wa 1975 Benki ya Dunia ilikopesha Kenya fedha za mpango wa Dandora. Viwanja 6,000 vilipimwa, vikapelekewa maji, njia na mifereji ya uchafu, na kila kiwanja kikajengewa choo na bafu. Vichache viliongezewa jiko au chumba. Yaliyobaki mwenye kiwanja alitakiwa ajenge mwenyewe, kidogo kidogo, kwa mkopo wa vifaa. Watu walichaguliwa kwa udogo wa mapato yao.

Msomaji atauona mfano wa Pumwani. Baada ya nusu karne Serikali ilirudia jambo lile lile: Serikali hupima, mwananchi hujenga. Tena Dandora ulizidi Pumwani, kwa sababu safari hii palikuwa na maji na choo tangu mwanzo, na mwenyewe aliahidiwa haki juu ya kiwanja chake.

Nyumba zilijengwa kweli, tena kwa haraka. Lakini wengi waliopewa walikuwa maskini kweli, na maskini aliye na kitu chenye thamani hupata wanunuzi siku ya njaa. Baadhi yao waliuza haki zao kimyakimya. Wengine walihama, wakakodisha vyumba vyote ili walipe deni. Miaka ilipopita, mahali pa nyumba ya chini palisimama magorofa ya vyumba vya kupanga, na mwenye jengo akaaye mbali. Hatusemi kwamba Dandora ulikuwa hasara, kwa kuwa maelfu wamelelewa humo, na pengine baadhi yenu msomao haya. Twasema kwamba mpango ulijua kumpa maskini nyumba, lakini haukujua kumsaidia abaki nayo.

FEDHA ZA MSHAHARA

Siasa mpya ya nyumba ilitolewa mwaka wa 2004. Kufikia hapo mahitaji ya miji yalihesabiwa kuwa nyumba 150,000 kwa mwaka, na zilizojengwa hazikuzidi 30,000. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, ikaandika kwamba kila mtu ana haki ya nyumba inayofaa na usafi wa kadiri. Yule mgeni wa mwaka wa 1899 sasa ana haki iliyoandikwa katika sheria kuu ya nchi. Lakini haki iliyoandikwa hutaka fedha. Huko Kibera, katika Soweto Mashariki, mpango wa kutengeneza mitaa ya mabanda ulioanza baada ya 2003 ulifikia kukabidhi nyumba 822 mwaka wa 2016. Ni neno la shukrani, lakini ni tone katika mtungi.

Mwaka wa 2023 ndipo sheria ilipotaka mfanya kazi akatwe asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri wake aongeze kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu ilibatilisha tozo hiyo mwezi wa Novemba 2023, ikiona kwamba haikuwekewa msingi wa sheria na kwamba iliwabagua wenye mishahara. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi mwezi wa Machi 2024, na tozo ikaendelea, sasa ikiwagusa hata wasioajiriwa. Sheria hiyo imewagawa watu kwa mapato: aliye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ana nyumba za daraja lake, na aliye kati ya 20,000 na 149,000 ana zake. Tena inakataza mnunuzi kuuza nyumba hiyo bila idhini ya maandishi ya Bodi. Hapo twaona kwamba waliotunga sheria walikumbuka Dandora.

Mara nyingi tumesikia Singapore ikitajwa kuwa mfano. Ni kweli, nchi ile iliunda Bodi ya Nyumba mwaka wa 1960, na leo kiasi cha watu wanane kwa kila kumi hukaa katika nyumba zake. Tangu 1968 mfanya kazi wa huko aliruhusiwa kununua nyumba kwa akiba iliyokatwa katika mshahara wake. Lakini tuangalie tofauti: makato ya Singapore huandikwa kwa jina la mfanya kazi mwenyewe na kubaki mali yake. Tozo yetu ni kodi; aliyekatwa hana dai la fedha zake, wala hana hakika ya nyumba. Ndiyo maana kijana wetu ananung'unika. Hakatai kuwachangia wenzake, kwa maana katika chama hiki huchangia kila mwezi. Anataka kujua daftari liko wapi.

JIBU LETU KWA MZEE

Baada ya safari hii ndefu, sasa twaweza kumjibu mzee wetu, ijapokuwa kwa uchache.

Nyumba za wakoloni zilikuwa za mwajiri, kwa hiyo zilihifadhi nguvu za kazi, si mtu. Nyumba za mabaraza zilikuwa za wote, na paa lilipovuja hakuna aliyekubali kuwa ni lake. Nyumba za Dandora zilikuwa za maskini siku ya kugawanywa. Nyumba zinazojengwa sasa zitakuwa za nani? Yatategemea mambo matatu ambayo sheria imeyagusa lakini haijayathibitisha kwa matendo: kwamba bei na malipo ya mwezi yatalingana na mfuko wa yule anayetajwa, kwamba malipo yatarudi kujenga nyumba nyingine, hesabu ikisomwa hadharani, na kwamba mkazi wa zamani wa mahali penyewe atahesabiwa kwanza, kabla ya mgeni mwenye fedha.

Neno hili la tatu ndilo linalotukaa rohoni. Mitaa mikongwe imeanza kutajwa kwa kubomolewa ili magorofa yasimame. Hatupingi magorofa, ardhi ya mji ni haba, na landhi hazikujengwa zidumu milele. Lakini tumekwisha kuona Pangani ikibomolewa mwaka wa 1939, na hatupendi mjukuu wa mtu wa Pangani aulizwe tena ushahidi wa kwamba alikuwako.

Kwa hiyo Halmashauri ya chama yawasihi wanachama wafanye mambo manne. Kila mpangaji wa mtaa wa zamani atunze kitabu chake cha kodi na risiti zake, na nakala ziletwe kwa mwandishi wa chama. Chama kiandike daftari la jamaa zetu wote na nyumba wanazokaa, tangu mwaka gani, ili siku ya kuhesabiwa tusitegemee kumbukumbu za wazee peke yake. Vijana watimizao masharti wajiandikishe katika mpango wa Boma Yangu, wala wasiishie kununa. Tena tufikiri juu ya kuunda ushirika wa nyumba. Umoja wa Kitaifa wa Vyama vya Ushirika wa Nyumba umekuwako tangu 1979, na sisi tunaojua kuchangiana kwa mazishi hatushindwi kuchangiana kwa matofali.

Mikutano ya kutoa maoni ikiitishwa, twendeni, wazee kwa vijana, na swali letu liwe lile lile fupi. Serikali iliyo yetu haitakasirika kuulizwa. Itakayosikitisha ni siku ile ambayo nyumba zitakuwa zimekwisha kujengwa, funguo zimekwisha kutolewa, na sisi tungali tumeketi tukiulizana wenyewe kwa wenyewe.